UZI: Kuchagua programu ya hesabu kwa aliyejiajiri Unguja na Pemba

#1 MaalimLeja

Assalaam alaykum wadau.

Suala la programu gani ya hesabu inamfaa mtu aliyejiajiri linaulizwa sana, na majibu mara nyingi ni majina matupu: chukua QuickBooks, chukua Tally, chukua Zoho. Jina halimsaidii mtembeza wageni wa Nungwi wala fundi wa milango wa Mwembetanga. Tulianze upande mwengine: fedha yako inaingia kwa njia gani, na nani ana haki ya kukuuliza habari zake.

Huku kwetu wanaouliza ni wawili. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, unaulizwa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. VAT ya ndani na kodi nyengine za Zanzibar unaulizwa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ambayo zamani ikiitwa ZRB. Viwango navyo havifanani: VAT ya kawaida Zanzibar ni 15%, Bara ni 18%. Programu nyingi zimetengenezwa zikidhani kila nchi ina mamlaka moja ya kodi na kiwango kimoja. Kwa hiyo kipimo cha mwanzo, kabla ya bei na kabla ya uzuri wa kioo, ni hiki: je, inakuruhusu kuunda kodi yako mwenyewe, ukaipa jina na asilimia? Kama inakulazimisha utumie jedwali lake la "Tanzania", iache.

Kipimo cha pili ni akaunti za fedha. Aliyejiajiri Zanzibar anaweza kuwa na taslimu ya shilingi, taslimu ya dola, akaunti ya benki ya PBZ, pochi ya simu moja au mbili, na Lipa Namba. Kila moja iwe akaunti yake ndani ya programu, yenye salio linaloweza kulinganishwa na salio halisi. Ukizibwaga zote kwenye akaunti moja inayoitwa "Fedha", siku salio litakapokataa hutajua upungufu umeingilia wapi.

Cha tatu, iwe na mahali pa kuweka kodi ya zuio, yaani kodi anayokukata mteja anapokulipa. Cha nne, iendelee kufanya kazi intaneti ikikatika, hasa kwa walioko mashamba na Pemba. Cha tano, uweze kuitoa data yako yote kwa CSV (faili la jedwali linalosomeka na programu nyingi): miamala yenyewe mmoja mmoja, si ripoti ya PDF tu.

Jambo moja liwe wazi tangu sasa, maana linawaponza wengi. Ankara iliyochapwa na QuickBooks, Zoho au programu yoyote ya hesabu si risiti ya kodi. Risiti ya kielektroniki ya ZRA hutoka kwenye mfumo wao wa VFMS. Programu ni kumbukumbu yako, VFMS ni kumbukumbu yao, na mbili hizo lazima zikubaliane. Andika namba ya risiti ya VFMS kwenye sehemu ya kumbukumbu ya kila ankara ndani ya programu. Mwisho wa mwezi toa orodha mbili, linganisha jumla. Zikitofautiana, angalia kwanza mambo matatu: risiti iliyotolewa mara mbili, ankara ya mwezi uliopita iliyopewa risiti mwezi huu, na mauzo ya taslimu yaliyopewa risiti lakini hayakuingizwa kwenye programu.

#2 UkutiWaPaje

Waalaykum salaam Maalim, ahsante. Kazi ni kupiga picha, wateja ni mahoteli na wageni binafsi. Ankara hazizidi ishirini kwa mwezi. Kompyuta hakuna, ni simu tu. Nianze na ipi?

#3 SomoHesabu

Ukuti, kwa simu peke yake chaguo ni chache. Zoho Invoice ni ya bure, ina programu ya simu, inakubali shilingi na fedha za kigeni, na kodi unaziunda mwenyewe. Lakini ni ya ankara tu: haina leja kamili (daftari la akaunti zote), haikupi mizania, wala haisuluhishi benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki. Yenye leja ni Zoho Books. Nayo ina mpango wa bure wenye kikomo cha mauzo na watumiaji, ukikivuka unalipia.

Ukishaingia, usikimbilie kutoa ankara. Fuata mpangilio huu:

1. Fedha ya msingi iwe TZS. Ukishaingiza miamala huwezi tena kuibadilisha, na kuanza upya ni kufungua akaunti mpya.
2. Mwaka wa hesabu Januari hadi Disemba, isipokuwa TRA wamekukubalia mwengine.
3. Desimali za shilingi ziwe sifuri. Zikiachwa mbili, ukokotoaji wa VAT unaacha senti ambazo hakuna mtu anayezilipa, na kila ankara inabaki na deni la senti chache lisilofutika.
4. Kama umesajiliwa VAT, unda kodi "VAT ZNZ 15". Kama hujasajiliwa, usiunde kodi ya mauzo kabisa. Kumwandikia mteja VAT wakati hujasajiliwa ni kosa kisheria.
5. Namba za ankara zianze na mwaka: 2026-001, 2026-002. Ankara iliyoharibika ibatilishwe, isifutwe, ili namba isiruke.
6. Unda akaunti za fedha kama alivyosema Maalim, kisha ingiza salio la kuanzia la kila moja kwa tarehe moja. Chagua tarehe 1 ya mwezi.

Hapo kwenye VAT tena: bei za mtaani kwetu huwa tayari zimo VAT ndani yake. Kitu cha 115,000 kina VAT ya 15,000, kwa sababu unagawa kwa 115 kisha unazidisha kwa 15. Wengi wanachukua 15% ya 115,000 na kupata 17,250, wanalipa zaidi kila mwezi bila kujua. Kwenye programu hakikisha umechagua kwamba bei inajumuisha kodi, si kwamba kodi inaongezwa juu.

#4 Mwinyi_Mlandege

Kumradhi Maalim, kumradhi Somo, mie napingana kidogo. Kwa mtu mwenye miamala michache, jedwali la Google Sheets linatosha na linafanya kazi kwenye simu hata bila mtandao ukiliruhusu hivyo kwenye mipangilio. Tatizo si chombo, ni mpangilio.

Safu ziwe hizi: tarehe, namba ya risiti ya VFMS, mteja au muuzaji, maelezo, akaunti ya fedha, kilichoingia, kilichotoka, aina, jina la picha ya stakabadhi. Muamala mmoja, mstari mmoja. Usiunganishe visanduku. Usiweke jumla katikati ya orodha. Jumla zikae ukurasa wa pili kwa fomula ya SUMIFS inayosoma safu ya aina na safu ya tarehe. "Aina" ichaguliwe kutoka kwenye orodha iliyofungwa, kwa sababu ukiandika "Usafiri" leo na "usafri" kesho, fomula inaviona vitu viwili.

Na faida ya kuandika inaonekana kwenye kodi yenyewe. Kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara binafsi wenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka ina jedwali linalotofautisha, kwenye ngazi za chini, mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Kwa viwango vya jedwali la 2022, mauzo ya milioni 6: mwenye kumbukumbu analipa 3% ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000, asiye nazo analipa 100,000. Mauzo ya milioni 10: mwenye kumbukumbu ni 90,000 jumlisha 3% ya kinachozidi milioni 7, jumla 180,000, asiye nazo ni 250,000. Uliza TRA jedwali la mwaka wako kabla ya kulipa, lakini umuhimu wa kumbukumbu uko hapo.

#5 MaalimLeja

Mwinyi, umesema vizuri, na jedwali lako la safu tisa ni zuri kuliko programu iliyonunuliwa ikaachwa. Niongeze mipaka miwili.

Wa kwanza ni kwamba kodi ya makadirio haimhusu kila aliyejiajiri. Wanaotoa huduma za kitaalamu, kiufundi, usimamizi, ujenzi na mafunzo wametolewa humo. Mshauri, mkufunzi, mkandarasi mdogo, hawa wanatengeneza hesabu kamili: mapato, toa gharama zinazokubalika, baki ni faida inayotozwa kodi. Wanakadiria kodi ya mwaka na kuilipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba kwa mwenye mwaka wa kalenda, na ritani ya mwaka inapelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa. Mtu wa namna hiyo anahitaji kujua faida ya kila robo mwaka, anahitaji uchakavu wa vifaa, anahitaji wadaiwa na wadai. Jedwali linaweza, lakini linachosha na linakosea kimya kimya. Ukuti, kabla hujachagua chombo, muulize afisa wa TRA kazi yako imewekwa kundi gani. Jibu hilo ndilo linaloamua.

Wa pili, jedwali halina kufuli. Mtu akipanga safu moja ya tarehe bila kuchagua safu zote, tarehe zinahama na kiasi kinabaki, na hakuna alama yoyote kwamba jambo limetokea. Anayebaki na jedwali apakue nakala kila mwisho wa mwezi, aiite kwa mwezi wake, asiiguse tena.

#6 BintiChake

Nawasalimu kutoka Pemba. Naona kila mtu anazungumzia vitu vya mtandaoni, na huku umeme na mtandao una siku zake. Wenye kompyuta, hata ya zamani, waiangalie GnuCash. Ni ya bure kabisa, inafanya kazi Windows, macOS na Linux, haihitaji intaneti, na ni uhasibu wa pande mbili kamili, kila muamala una debiti na krediti. Faili ni lako, liko kwenye kompyuta yako.

Maelezo ambayo hamtayaona kwenye matangazo:

Unapohifadhi faili mara ya kwanza unaulizwa aina. Ukichagua XML, kazi inahifadhiwa unapobonyeza kuhifadhi, na kila uhifadhi unatengeneza nakala ya akiba yenye tarehe na saa kwenye folda ileile. Ukichagua SQLite, kila muamala unaingia kwenye faili papo hapo, lakini zile nakala za akiba hazitengenezwi. Mahali ambapo umeme unakatika ghafla, SQLite inakuokoa usipoteze kazi ya asubuhi nzima, kwa sharti kwamba nakala utengeneze mwenyewe kila jioni. Anayebaki na XML ahakikishe kwenye mipangilio kwamba programu inahifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache.

Umeme ukikatika programu ikiwa wazi, ukirudi utaambiwa faili limefungwa na mtu mwengine. Hakuna mtu. Ni faili dogo lenye jina linaloishia na LCK lililobaki folda ileile. Kama una hakika hakuna kompyuta nyengine iliyolifungua, chagua kulifungua tu.

Na usiliweke faili likiwa wazi kwenye folda inayojisawazisha na Google Drive au Dropbox. Linaweza kusawazishwa nusu, ukapata nakala mbili zinazogombana. Funga programu, nakili faili, peleka nakala.

Udhaifu wake: haina programu rasmi ya simu, na ankara zake hazipendezi mpaka ujue kuzirekebisha. Tena ukiwa na wateja wa dola na wa shilingi, lazima uunde akaunti mbili za wadaiwa, kila fedha na yake. Ukiwa na ya shilingi tu, ankara ya dola haitakubali kuandikishwa na hutaelewa kwa nini.

#7 SomoHesabu

Bi Chake, GnuCash naiheshimu, lakini kwa mtu asiyesoma uhasibu skuli nampa Manager. Toleo la kompyuta ni la bure bila kikomo cha muda, halihitaji intaneti, linakwenda kwenye Windows, macOS na Linux. Linalolipiwa ni la mtandaoni na la seva.

Sababu zangu: huoni debiti na krediti mpaka uzitake, unafungua vipengele unavyovihitaji tu, vilivyobaki havionekani, programu ina sehemu maalumu ya kodi ya zuio, na ina tarehe ya kufunga hesabu. Nakala ya akiba ni kitufe kimoja, inatoka faili moja linalobeba kila kitu pamoja na viambatanisho.

Kasoro: toleo la bure ni la mtu mmoja, kompyuta moja. Ukitaka mhasibu aone, unampelekea faili, na wakati analifanyia kazi wewe usiingize kitu. Mkiingiza wote wawili, hakuna njia ya kuyaunganisha mafaili mawili.

#8 BintiChake

Hilo la debiti na krediti ndilo tunalotofautiana, Somo. Mtu akizificha miaka mitatu, siku salio likipotea hana namna ya kulitafuta. Wiki mbili za kujifunza leja zinamtosha mtu mzima. Lakini sikatai, Manager ni rahisi zaidi kuanza nayo.

#9 UkutiWaPaje

Nauliza jambo moja la kazi. Hoteli inapelekewa ankara, inalipa pungufu na kusema ni kodi. Kwenye programu ankara inabaki haijalipwa yote. Mtu afanye nini, apunguze ankara?

#10 MaalimLeja

La, usiiguse ankara. Hiyo ni kodi ya zuio: mkaazi anayelipwa ada ya huduma hukatwa 5%, na aliyekata anaipeleka TRA kwa jina lako. Ni kodi yako uliyokwisha kulipa, na mwisho wa mwaka unaidai ipunguzwe kwenye kodi ya mapato. Ukiipunguza ankara, umejipunguzia mapato kwenye vitabu na umeipoteza haki ya kudai.

Tuseme umesajiliwa VAT na kazi ni ya 800,000. Ankara: 800,000 jumlisha VAT 120,000, jumla 920,000. Zuio linahesabiwa kwenye 800,000, si kwenye 920,000, kwa hiyo ni 40,000. Benki inaingia 880,000.

Kwenye leja, wadaiwa wanapungua 920,000 kwa sehemu mbili: benki 880,000, na akaunti ya mali inayoitwa "Kodi ya zuio, TRA" 40,000. Mapato yanabaki 800,000 na VAT ya ZRA inabaki 120,000. Kwenye GnuCash ni muamala mmoja uliogawanywa. Kwenye Manager tumia sehemu ya zuio ndani ya ankara yenyewe. Kwenye QuickBooks Online pokea malipo mara mbili kwa ankara hiyo hiyo: moja kwenda benki, ya pili kwenda akaunti ya zuio uliyoiunda kama mali ya muda mfupi.

Kisha kuna kazi isiyofanywa na programu yoyote: kudai cheti cha zuio. Bila cheti, ile 40,000 kwenye vitabu vyako haina ushahidi. Andika namba ya cheti kwenye muamala siku unapokipata. Mwisho wa kila robo mwaka fungua akaunti ya zuio, kila mstari usio na namba ya cheti ni mtu wa kupigiwa simu. Angalia TIN (namba ya mlipakodi) yako kwenye cheti tarakimu kwa tarakimu. Iliyokosewa inamnufaisha mwengine.

#11 FundiMtandao_Wete

Mimi niingie kwenye kupakia taarifa za benki na pochi za simu, maana hapo ndipo watu wanapokata tamaa na programu nzuri.

Usitegemee programu za nje zijiunganishe moja kwa moja na benki au pochi zetu. Panga tangu mwanzo kwamba utapakia CSV. Pochi na baadhi ya benki zinatoa taarifa kwa PDF, kwa hiyo omba Excel au CSV tawini kabla ya kuhangaika kuigeuza.

Makosa yanayojirudia ni haya.

Tarehe. 03/04 kwenye taarifa ni tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani inasoma Machi 4. Tarehe zote zilizo chini ya 13 zinageuka na zilizobaki zinakataliwa, hivyo unapata sehemu ya miamala tu. Badilisha safu yote iwe 2026-04-03 kabla ya kupakia.

Koma. "1,250,000.00" ndani ya CSV inaweza kukatwa vipande vitatu. Ondoa koma za maelfu.

Namba za kumbukumbu. Excel inahifadhi tarakimu 15 tu za namba. Kumbukumbu ndefu ya muamala inageuka 1.23E+17 na tarakimu za mwisho zinakuwa sifuri, hazirudi tena. Namba ya simu inapoteza sifuri ya mbele. Usifungue CSV kwa kubonyeza mara mbili. Ingiza kupitia menyu ya kuleta data na uiambie safu hizo ni maandishi.

Makato. Kutoa 200,000 kwa wakala si gharama ya 200,000. Ni uhamisho wa 200,000 kutoka pochi kwenda taslimu, na makato na tozo vinavyoambatana ndiyo gharama. Nimeona vitabu vya watu ambapo kila utoaji umeandikwa gharama, na kisha manunuzi yaliyofanywa kwa fedha hiyo yameandikwa gharama tena. Gharama mara mbili, faida imepotea, na mkaguzi akiingia anaikuta haraka.

Ukishapakia, usuluhishe: salio la mwisho kwenye programu lilingane na la taarifa kwa shilingi kamili. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta kwanza tarakimu mbili zilizopinduliwa, mfano 54,000 iliyoandikwa 45,000.

#12 Mtembezi_Nungwi

Ahsanteni. Swali la dola, na la viingilio. Mgeni analipa jumla, ndani yake mna kiingilio cha msitu wa Jozani, boti, na ujira wa kutembeza. Yote ni mauzo? Na malipo ya dola nayaandika vipi?

#13 SomoHesabu

Kaka, hapa pana mambo mawili, tuyatenganishe.

Viingilio kwanza. Kama unampangia mgeni bei moja ya kifurushi kwa jina lako, yote ni mauzo yako, na kiingilio na boti ni gharama zako zenye stakabadhi. Kama unamkusanyia tu na kumlipia kwa niaba yake, na ankara inaonyesha wazi "kiingilio, kwa niaba ya mgeni" kwa kiasi kilekile cha stakabadhi bila nyongeza, hiyo ni fedha inayopita. Iingie akaunti ya deni iitwayo "Fedha za wageni", itoke hapo hapo ukilipa getini. Salio lake mwisho wa siku ya safari liwe sifuri. Likibaki chochote, ama stakabadhi imekosekana ama umeongeza juu, na kilichoongezwa ni mauzo. Kwa mtu wa kodi ya makadirio hili ni kubwa, kwa sababu hiyo inahesabiwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Namna ya kuandika ankara uikubalishe na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, kabla msimu haujaanza.

Dola sasa. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa biashara ya ndani. Kwa hiyo ankara ya hoteli au ya wakala wa hapa hapa iwe shilingi. Akaunti ya fedha za kigeni kwenye programu inabaki kwa malipo yanayotoka nje.

Tumia kiwango cha Benki Kuu (BoT) cha siku ya ankara, kipo kwenye tovuti yao kila siku ya kazi. Mfano: ankara ya dola 300 siku kiwango kikiwa 2,600 ni mapato ya 780,000. Ikilipwa siku kiwango ni 2,550, benki inaingia 765,000. Ile 15,000 ni hasara ya ubadilishaji na ina akaunti yake, mapato hayabadiliki. Programu yenye fedha nyingi inaifanya yenyewe ukiwa umeingiza viwango vyote viwili. Ikiwa haina, ifanye kwa mkono, lakini usirudi nyuma kubadilisha ankara.

#14 Mwinyi_Mlandege

Na programu za kulipia je? Lini mtu aingie huko?

#15 MaalimLeja

Pale mtu wa pili anapohitaji kuingia kwenye hesabu kwa wakati mmoja na wewe, au pale bidhaa za stoo zimekuwa nyingi. Kabla ya hapo fedha yako ibaki mfukoni.

QuickBooks Online: fedha nyingi ukishaiwasha huwezi kuizima, na fedha ya msingi haibadiliki. Haimo kwenye mpango wa chini kabisa, kwa hiyo angalia bei ya mpango wenye fedha nyingi, si bei iliyo juu ya tangazo. Malipo ni kwa kadi kila mwezi, na kadi ikikataa hesabu zinafungwa. Ukisitisha, data unaisoma tu kwa mwaka mmoja, huongezi kitu. Xero nayo: hakikisha fedha nyingi zimo kwenye mpango unaoulipia.

TallyPrime: ni ya Windows, haihitaji intaneti kila wakati, na faida yake kubwa hapa ni kwamba wahasibu wengi wanaijua kwa vidole. Kwa mtu peke yake mwenye ankara ishirini, ni nzito na leseni ni ghali. Kwa mwenye duka la jumla Darajani, ni chaguo la haki.

Na anayenunua mzigo Kariakoo aweke kodi mbili tofauti kwenye programu, "VAT ZNZ 15" na "VAT Bara 18", kila moja na akaunti yake. Zikichanganywa ni kama chumvi na sukari kwenye kopo moja: utajua zimo zote mbili, lakini kuzitenganisha ndiyo kazi. Kilichoandikwa 18% kwenye risiti ya Bara usikiingize kwenye ritani ya ZRA kama VAT yao. Muulize ofisa wa ZRA utaratibu wa mzigo huo kabla ya kujaza.

#16 BintiChake

Stakabadhi, jamani. Karatasi za mashine ni za joto, wino hakuna, na kwa hali yetu ya hewa zinafifia hata kwenye droo. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka mitano. Piga picha siku hiyo hiyo, ulaze karatasi kwenye mwanga bila kivuli, namba ya risiti na alama ya QR vionekane. Jina la picha lianze na tarehe: 2026-02-14_mafuta_45000. Ukizipanga kwa jina zinajipanga kwa tarehe zenyewe. Ya Tukuza (umeme wa kulipia kabla) inayokuja kwa ujumbe wa simu, piga picha ya kioo kabla hujafuta ujumbe. Kama nyumba na kazi ni mita moja, amua sehemu ya kazi, mfano theluthi, iandike na sababu yake, na uifuate mwaka mzima.

Nakala za faili ziwe tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja mbali na nyumba. Diski ya USB inayokaa karibu na bahari hupata kutu kwenye meno, basi isiwe ndiyo nakala pekee.

#17 UkutiWaPaje

Nimeelewa. La mwisho kwangu: ritani ikishapelekwa, halafu ikaonekana ankara iliyosahaulika ya mwezi ule, inaingizwa kwa tarehe ipi?

#18 SomoHesabu

Kwanza, kila ukipeleka ritani, weka tarehe ya kufunga kwenye programu iwe siku ya mwisho ya kipindi hicho. Manager, Zoho Books, QuickBooks na Xero zote zina kitu hicho. GnuCash ina idadi ya siku, ukivuka muamala unakuwa wa kusomwa tu. Iweke kwenye sifa za faili.

Ankara iliyosahaulika usiiingize kwa tarehe ya zamani kimya kimya. Itabadilisha jumla ya mwezi ambao ZRA tayari wana namba zake, na ripoti yako haitafanana tena na ulichowapelekea. Tazama tarehe ya risiti ya VFMS. Kama risiti ilitolewa mwezi ule, mauzo ni ya mwezi ule: fungua kufuli, ingiza, funga tena, na rekebisha ritani kupitia ZRA, ukiandika kwenye maelezo ya muamala siku uliyoingiza na sababu. Kama risiti haikutolewa, itoe sasa, na muulize ofisa wa ZRA ankara ihesabiwe mwezi gani. Ikiwa mwezi huo umo kwenye robo mwaka ambayo awamu ya TRA imeshalipwa, angalia tena makadirio ya mwaka kabla ya awamu inayofuata, na uyarekebishe kama tofauti ni kubwa.